Miguu Iliyowekwa Ikauke

Mazoezi ya Jumatatu yalipoisha, wachezaji wa Msumeno FC walipanga foleni kwenye mlango wa stoo kurudisha miguu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na uwanja wa Elburgon ulikuwa tope tupu. Mama Immaculate, mtunza stoo, alikaa kwenye kigoda chake na ndoo ya maji na brashi ya kufulia. Kila mchezaji alikaa kwenye benchi, akavua mguu wa kulia, akavua wa kushoto, akampa. Mama Immaculate aliisugua, akakagua kucha, akaitundika kwenye msumari uliokuwa na jina la mwenyewe. Kisha alitia mkono kwenye gunia na kumtolea mtu huyo miguu ya nyumbani.

Miguu ya nyumbani ilikuwa mali ya klabu. Ilikuwa laini, haina kovu hata moja, na ilitosha kumfikisha mtu dukani, kanisani na kitandani. Mbio haikuziweza. Ile ya mpira, ambayo mchezaji alizaliwa nayo, ilikaa stoo tangu siku aliyotia sahihi, na ilitoka kwa mazoezi na mechi tu. Klabu zote zilifanya hivyo. Wazazi walioleta vijana wao kusajiliwa waliuliza kuhusu chakula na mahali pa kulala. Kuhusu miguu hawakuuliza, kwa kuwa hilo lilijulikana.

Quincy Wasike alikuwa amekwisha kuvaa miguu ya nyumbani, anafunga kamba za viatu, kocha alipomwita pembeni ya goli.

"Wasike, kuja kidogo."

Wasike alikwenda polepole, maana hiyo miguu haikujua mwendo mwingine.

"Sikia boss, sitakuzungusha," kocha alisema. "Huku kushoto nimepata mtu mwingine. Hauko kwa mipango yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Jumatano uliniambia mimi ndio wa kwanza kuandika jina."

"Jumatano ilikuwa Jumatano," kocha alisema, akaangalia saa yake.

Hapo ndipo penye uchungu, na msomaji asipite haraka. Jumatano ile Wasike alikuwa amepigiwa simu na Gedion, meneja wa klabu moja ya mjini Nakuru. Gedion alimtaka. Klabu ilikuwa imetenga jezi, na winga wao wa kushoto alikuwa ameumia. Kocha wa Msumeno alimwekea Wasike mkono begani, akamwambia abaki, timu ni yake. Wasike, ambaye alilelewa kuamini neno la mtu mzima, alimpigia Gedion akamshukuru na kumwambia hapana. Ijumaa dirisha la uhamisho lilifungwa. Kuanzia hapo hakuna mchezaji ambaye angeweza kuandikishwa na klabu mpya mpaka Januari, hata kama klabu yake inamtumia kufagia uwanja. Na sasa ilikuwa Jumatatu, na kocha alikuwa ameonja uhuru wa kusema anachotaka.

Wasike alimchukia mtu yule pale pale, kwa moyo wake wote. Winga hapewi miaka mingi duniani. Alikuwa amefikisha thelathini, na alijua kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa umebakiza misimu miwili mizuri, labda mitatu kama Mungu angependa na goti likubali. Miezi hiyo ya kukaa bure isingerudishwa na mtu. Tena mkewe, Cherop, aliishi Gilgil na mtoto wao, akifanya kazi kwenye bucha za nyama choma pale Kikopey. Nakuru ingewaweka karibu. Elburgon iliwaweka mbali, na sasa ingewaweka mbali kwa ajili ya benchi.

Alivuka uwanja, akaingia kwenye kiwanda cha mbao kumtafuta mwenyekiti.

Mwenyekiti Kang'ethe ndiye aliyekuwa na kiwanda, na klabu aliianzisha ili wafanyakazi wawe na kitu cha kushangilia siku za Jumamosi. Alikuwa na vidole vinane. Viwili vilibaki kwenye msumeno miaka ya nyuma, na alivizungumzia bila chuki. Hakuwa mchawi. Angekuwa mchawi watu wangejua pa kumshtaki. Alikuwa mtu mwenye ujuzi mmoja, na alidhani dunia nzima imetengenezwa kwa kitu hicho kimoja anachokijua.

"Chairman," Wasike alisema, "kocha hanitaki. Nipee miguu yangu niende nyumbani."

"Uende nayo ufanye nini? Hakuna mahali utacheza. Dirisha imefungwa."

"Nicheze na mtoto wangu basi."

Kang'ethe alicheka. Alichukua ubao mmoja wa saiprasi uliotoka kwenye msumeno, bado unatoa maji, akauweka mikononi mwa Wasike.

"Sikia uzito. Wewe ni mtu wa familia ya reli, huwezi kujua mambo ya mbao. Hii nikikuuzia leo ujenge, nyumba yote itapinda. Lazima ikae. Ikikaa inakomaa, ikikomaa bei inapanda. Na wewe ni hivyo hivyo. Ukikaa mpaka Januari, yule Gedion atalipa vizuri kushinda ile alitaka kulipa."

"Mimi si mbao."

"Sijasema wewe. Nimesema miguu."

Kisha alimwita Mama Immaculate, akamwambia aitoe miguu ya Wasike kwenye msumari, aipeleke ghala la kukaushia.

Ghala hilo lilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, lililofungwa kwa wavu pande zote ili upepo wa msitu wa Mau upite. Mbao zilipangwa safu juu ya safu, na kati ya safu na safu ziliwekwa fito ili hewa ipenye. Ncha za mbao zilipakwa rangi, kwa sababu ubao hukauka haraka kwenye ncha na kupasuka. Mama Immaculate alifanya kama alivyoambiwa. Aliilaza miguu ya Wasike kwenye safu ya nne, nyayo zikitazama msitu, akaweka fito. Mapajani, pale ilipovuliwa, aliipaka rangi ya kijani iliyobaki walipopaka lango la uwanja. Juu yake zilipangwa safu nyingine mbili.

"Usijali baba," alimwambia Wasike akijifuta mikono. "Hapa hakuna panya."

Jumamosi ya kwanza Wasike alitazama mechi kutoka kwenye benchi. Yule mtu mwingine wa kushoto aliupoteza mpira kila alipoupata. Refa alipopuliza kipenga cha kuanza kipindi cha pili, mlio ulisikika kutoka ghalani, mbao zikigongana. Miguu ya Wasike ilikuwa inapiga teke. Wafanyakazi waliokuwa zamu walisikiliza kidogo, wakaona safu inacheza, wakaenda kutafuta gogo zito na kulilaza juu yake. Fujo ikatulia.

Siku za wiki aliruhusiwa kuitembelea. Alipiga magoti mbele ya safu ya nne, akaingiza mkono kati ya fito, akaipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ambayo nyanya yake alimpaka utotoni asubuhi za baridi. Ngozi iliyanywa yote. Vidole vya mguu wa kushoto vilimshika kidole gumba na kutokiachilia, na alikaa hivyo mpaka wafanyakazi walipomwambia awapishe.

Kang'ethe alisikia harufu ya mafuta.

"Unaniharibia kazi," alimwambia. Safari hii hakucheka. "Mbao ukiipaka mafuta haikauki, inaoza ndani. Nani alikutuma?"

"Ni miguu yangu, chairman."

"Ni yako ukiivaa. Ikiwa kwangu ni mali ya klabu. Soma mkataba."

Alitia kufuli kwenye ghala, na ufunguo akaufunga kwenye mkanda wake. Wasike alimtukana kwa Kibukusu, tusi refu ambalo babu yake alilitunzia wakubwa wa reli. Kang'ethe hakulielewa, lakini alielewa lilikuwa tusi, na kuanzia siku hiyo hawakuamkiana. Wakipishana langoni, kila mmoja aliangalia upande wake.

Mwezi wa Septemba Wasike alikwenda Kikopey kumwona mkewe. Alimkuta kazini, amevaa koti jeupe la bucha ya Muiruri, anakatakata mbavu kwenye gogo huku moshi ukimpitia usoni. Wasike alikaa kwenye meza ya nje akaagiza supu. Ilikuwa saa saba, magari yamejaa, na wapiga debe walikuwa wakipunga nguo mbele ya kila gari linalotoka Naivasha.

Muiruri alitoka jikoni akamfokea Cherop mbele ya wateja kwamba anakata vipande vikubwa, analisha watu bure. Cherop aliweka kisu chini. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye ndoano kando ya mguu wa mbuzi. Alitembea hatua chache mpaka bucha ya jirani. Mwenye bucha ile, mama mmoja aliyeitwa Nyakio, alimtazama mikono.

"Unajua kuchoma ama kukata tu?"

"Yote."

"Vaa hiyo koti iko hapo."

Kabla supu ya Wasike haijapoa, Cherop alikuwa anakata mbavu za Nyakio, na wateja wawili waliokuwa wakimsubiri kwa Muiruri walihama meza kumfuata. Muiruri alipiga kelele. Alimwita Cherop mtu asiye na shukrani, akamwita Nyakio mwizi. Kisha alifuta mikono, akamwambia mpiga debe wake ashike kisu, maisha yakaendelea. Jioni alikuja kwa Nyakio kuomba chumvi, akapewa.

"Umehama hivyo tu?" Wasike alimwuliza mkewe walipokuwa wakienda nyumbani.

"Kwani nihame vipi?"

"Hukuambiwa ungoje Januari?"

Cherop alimtazama kuona kama anatania. Alimwona hatanii, akamshika mkono, kwa sababu njia ilikuwa na mawe na ile miguu ya klabu haikuzoea mawe.

Wasike alijaribu pia njia ya ofisi. Ligi yao ilikuwa na afisa wake mjini Nakuru, mtu mtaratibu, mwenye viatu vinavyong'aa. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo Wasike alilishukuru. Kisha alieleza. Bila dirisha, alisema, klabu tajiri zingenunua wachezaji wa klabu maskini kila wiki. Timu ingeanza msimu na watu hawa na kuumaliza na watu wengine kabisa. Mtu angekufunga bao Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo akakufungia. Mashabiki wasingejua wanashangilia nani. Sheria ilikuwa kwa ajili ya utulivu wa mashindano.

Wasike alifikiria maneno hayo, kwa sababu hayakuwa ya kijinga.

"Sawa mzee. Lakini mimi sichezi. Nikitoka, timu haipungukiwi na kitu. Huo utulivu ni wa nani?"

"Wa mashindano."

"Babu yangu aliacha kazi ya reli hapa hapa Nakuru katikati ya wiki, akaenda kiwanda cha blanketi. Walimkasirikia sana. Lakini alienda na miguu yake."

"Babu yako hakuwa mchezaji," afisa alisema kwa upole, akasimama kumfungulia mlango. Miguu yake mwenyewe ilimtii vizuri, na sauti ya viatu vyake ilisikika mpaka Wasike alipofika ngazini.

Oktoba ilipokuwa inaisha, kocha aliondoka.

Hakufukuzwa. Klabu moja ya Eldoret ilimpigia simu Jumanne, Alhamisi akawa ameshika filimbi yao. Aliwaaga wachezaji kwa dakika chache, akasema mpira ni biashara, mtu lazima aangalie maisha yake. Alitembea mpaka kwenye gari lake kwa miguu aliyozaliwa nayo, maana makocha hawakuwahi kuvuliwa. Wasike alimfuata mpaka mlango wa gari.

"Wewe dirisha lako liko wapi?"

"Usinibebee uchungu, Wasike," kocha alisema. "Mimi sikuandika sheria."

Na kweli hakuiandika. Hata Kang'ethe hakuiandika. Ilikuwa ya ajabu sheria ile: ilimfinya mtu kila siku, lakini ukimtafuta mwenye kufinya, kila mtu alikuonyesha mikono mitupu. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, ila hawakusema umpishe na miguu yako ibaki.

Kocha mpya alikuwa Kimaiyo, aliyewahi kuwa beki wa kulia na bado aliwachukia mawinga wa kushoto waliokuwa wakimpita. Alimkumbuka Wasike. Siku ya kwanza aliomba miguu ya winga huyo itolewe, kwa maana mechi ilikuwa Jumamosi na kushoto kulikuwa kumelala usingizi. Wasike alisikia habari hiyo, akaketi kwenye benchi la stoo, tayari amevua miguu ya nyumbani, akangoja na mapaja matupu. Alifurahi mpaka akamwimbia Mama Immaculate wimbo wa kanisani.

Kang'ethe alikataa.

"Imefika nusu," alimwambia Kimaiyo. "Ukiitoa saa hii itapinda. Hujawahi kuona mlango umetengenezwa na mbao nusu kavu? Haufungi, haufunguki."

"Chairman, hiyo ni miguu ya mtu."

"Na mimi ndio nitauziwa hasara. Tumia wenye wako."

Kimaiyo alikuwa na siku moja tu kazini na watoto watatu shuleni. Aliwatumia waliokuwapo. Mama Immaculate alimrudishia Wasike miguu ya nyumbani, akamsaidia kuivaa.

Jumamosi ile kipenga kilipolia, Wasike alitega sikio upande wa ghala. Alisikia kitu kikigonga mara moja, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyo na uhakika nayo. Novemba ulikuwa mguso tu. Desemba, Kimaiyo alipowapa mapumziko ya Krismasi, ghala lilikuwa kimya, na upepo ulipita kati ya fito bila kizuizi.

Januari dirisha lilifunguliwa, na Gedion akaja.

Alikuja na gari la klabu na mama mmoja aliyeitwa Chepkurui, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua misuli na viungo vya wachezaji kabla ya kununuliwa. Winga wao alikuwa bado hajapona. Gedion alimkumbatia Wasike, akamwambia, "Tulikungoja, boss. Leo unaenda nyumbani." Wasike alikuwa amefunga begi tangu jana yake. Alikuwa amempigia Cherop simu akamwambia atafute nyumba Nakuru, yenye uwanja wa mtoto kuchezea.

Kang'ethe alifungua kufuli mwenyewe. Alivaa koti la Jumapili. Wafanyakazi waliondoa lile gogo, wakaondoa safu ya sita na ya tano, na mwenyekiti akaitoa miguu ya Wasike, mmoja kila mkono, bila kutumia nguvu. Ilikuwa imenyooka sana. Ilikuwa na rangi ya asali, na haikuwa na uzito.

"Sikia," alimwambia Gedion, akaugonga wa kulia kwa kifundo cha kidole. Ulitoa mlio safi. "Unaskia? Hakuna maji hata tone. Hii haipindi tena maisha yake yote. Sasa tuongee bei, na isiwe ile ya Agosti."

Gedion alimtazama Chepkurui. Chepkurui aliilaza miguu juu ya meza ya msumeno, akaikagua bila haraka. Aliukunja wa kulia ukakubali kidogo. Aliukunja wa kushoto ukakataa. Aliugeuza. Chini ya goti, kwenye ugoko, kulikuwa na ufa mwembamba uliofuata urefu wa mguu mpaka karibu na kifundo. Alipitisha ukucha ndani yake.

"Huu umepasuka," alisema.

"Ufa mdogo," Kang'ethe alisema. "Hiyo unajaza na gundi na unga wa mbao, unapiga msasa. Hata fundi wa kawaida anafanya."

"Ni miguu mizuri sana," Chepkurui alisema, naye alimaanisha. "Kwa nguzo ya nyumba, kwa kitanda, hutapata kama hii. Kwa winga, hapana."

Wasike aliomba aivae. Alikaa juu ya rundo la mabanzi, akaivaa, akasimama. Ilimbeba. Alipiga hatua, na kila hatua ilibisha sakafuni. Mtu mmoja alimsukumia mpira. Wasike aliinua wa kushoto, ule ambao mabeki wa bonde zima walikuwa wakiuota vibaya, akapiga. Mpira uligonga ugoko ukaruka pembeni kama uliogonga ukuta, na ufa ukafunguka upana wa shilingi. Haukutoa damu. Wasike alilia, na hakufunika uso.

"Pole, boss," Gedion alisema. Alikuwa mtu mwenye huruma, lakini alikuwa na siku chache na jezi moja tupu. Jioni hiyo alimnunua yule mtu mwingine wa kushoto, ambaye angalau alikuwa na maji mwilini. Kang'ethe alipata bei nzuri.

Kwa ufa ule mwenyekiti hakumwomba Wasike radhi. Alimlaumu Mama Immaculate.

"Nilimwambia rangi ipakwe mara mbili," alisema. "Alipaka mara moja. Watu hawafuati maagizo."

Wasike aliomba basi aachiliwe nayo, ilivyo, ameshakuwa hana faida kwa mtu. Kang'ethe alifikiri kidogo. Mkataba ulikuwa na msimu mmoja zaidi. Ufa, alisema, wakati mwingine hujifunga masika, hewa ikipata unyevu. Hapakuwa na sababu ya kutupa mali. Miguu ikarudishwa safu ya nne, ikawekewa fito, na safari hii mwenyekiti aliipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili. Dirisha likafungwa.

Mwili wa Wasike haukuhitajika, kwa hiyo aliruhusiwa kwenda Gilgil.

Nyakio alikuwa na mchomaji mmoja aliyeacha kazi, na Cherop akasema mume wangu anajua moto. Hakuujua, lakini aliujua baada ya muda. Miguu ya nyumbani ilimfaa kwa kazi ya kusimama. Alijifunza kugeuza mbavu kabla mafuta hayajawaka, na kukata nyama kwenye ubao mbele ya mteja, vipande sawasawa, chumvi pembeni. Wateja wengine walimtambua. "Si wewe ni yule winga wa Elburgon?" waliuliza, naye alisema ndiyo, wakaagiza kilo nyingine.

Siku moja ya Juni, mchana, gari la Kang'ethe lilisimama mbele ya bucha. Mwenyekiti alishuka, na kutoka mlango wa nyuma akashuka winga mpya aliyechukuliwa Thika kusubiri dirisha lijalo. Kwenye buti kulikuwa na kifurushi kirefu kilichofungwa kwa gunia na kamba. Yule winga alishuka akishikilia mlango. Ilionekana miguu ya nyumbani alikuwa amevalishwa asubuhi hiyo hiyo, kwa maana aliitazama kila alipoiweka chini.

Walikaa. Kang'ethe aliagiza mbavu za mbuzi, kisha akamwona anayechoma.

"Wasike! Kumbe uko hapa?"

"Niko."

"Habari njema. Ile yako inaendelea vizuri. Ule ufa hauongezeki. Mvumilivu hula mbivu, ama namna gani? Tutaangalia dirisha ikifunguliwa." Akamgeukia winga mpya. "Huyu alikuwa moto sana. Muulize."

Winga mpya alimtazama Wasike, akatazama chini ya meza, akarudi kumtazama. Wasike alitaka kumwambia kitu. Alitafuta neno ambalo lingemfaa mtu ambaye miguu yake tayari iko kwenye buti, hakulipata.

"Angalia vile wanakupanga," alisema mwishowe. "Ukisikia neno ghala, kataa."

"Wacha kutisha watu," Kang'ethe alisema, akicheka. "Geuza nyama, inaungua."

Wasike aliitazama ile nyama. Alifungua vifungo vya koti jeupe, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye ndoano. Nyakio alimwona kutoka jikoni, akatikisa kichwa, akachukua koleo mwenyewe.

"Unaenda wapi sasa?" Kang'ethe aliuliza.

"Nimehama."

"Saa hii? Na nyama yangu iko kwa moto?"

"Saa hii."

Alitembea hatua zile chache mpaka kwa Muiruri. Muiruri alimtazama mikono, akamwuliza kama anaweza kazi ya vichwa na miguu ya mbuzi, akampa koti. Hakuna aliyemwuliza tarehe. Kang'ethe alikula mbavu zake zimeungua upande mmoja, akalipa, akampa winga mpya kipande cha mwisho, na gari likaondoka kuelekea Nakuru na Elburgon, kifurushi kikigonga buti kila lilipopita kwenye tuta.

Wasike alishika kisu. Alianza kukata, kisha akasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa ukimwasha chini ya goti, kwenye ugoko, mwasho mkali uliofuata mstari mmoja mpaka kifundoni. Aliinama, akapandisha suruali, akajikuna. Chini ya kucha zake alikuta ngozi laini, nzima, isiyo na kovu wala ufa. Alijikuna tena, kwa nguvu zaidi, lakini haikusaidia, kwa sababu mwasho ulikuwa Elburgon.